Mgonjwa naye ni mtaalamu, apewe kiti mezani

SAFU: Kutoka Uasin Gishu
Na Elkana Wekesa

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu, na kila baada ya wiki nne hudungwa sindano ya penisilini. Dawa yenyewe ni nzito na huingia polepole, na siku hiyo hutembea akichechemea. Alipokuwa darasa la tano aliumwa na koo. Tulimpa maji ya chumvi asukutue, tukamwambia yatapita, na kweli yakapita. Wiki chache baadaye magoti yalivimba. Mwaka uliofuata daktari alituonyesha kwenye mashine vali ya moyo isiyofunga sawasawa.

Juzi likizoni aliniambia: "Mjomba, aliyepanga hizi wiki nne hajawahi kulala bweni." Nikamuuliza ana maana gani. Akanieleza kwamba siku ya kliniki huangukia siku ya mtihani, kwamba ruhusa ya kutoka langoni huombwa kwa walimu watatu, na kwamba mvulana anayeenda hospitali kila mwezi huanza kunong'onwa kuwa ana virusi. Ndiyo maana muhula uliopita aliruka sindano moja bila kutuambia.

Nimehudhuria mikutano mingi ya afya hapa Eldoret, nikaona vielelezo vingi ukutani. Sijawahi kusikia mtu akitaja lango la shule.

Ugonjwa wa mpwa wangu, ule wa moyo utokanao na baridi yabisi, ni mmoja tu katika kundi la maradhi yanayoanza na maambukizi, kisha yakahamia mwilini kama mpangaji asiyelipa wala kuhama. Bakteria ya koo hufa, lakini kinga ya mwili iliyoamshwa kupigana nayo hugeukia viungo na vali za moyo. Kifua kikuu hupona, mapafu yakabaki na makovu. Homa ya ini aina ya B hukaa kimya miaka na mikaka kabla ya ini kuharibika. Halafu kuna korona, iliyoacha watu wakiwa na uchovu usioisha, pumzi fupi na kichwa kilichojaa ukungu.

Hii ya mwisho ina funzo. Mwaka 2020 wagonjwa wengi duniani waliambiwa wamepona kwa sababu kipimo hakikuona virusi tena. Wao walijua hawajapona. Jina la Kiingereza linalotumika leo, Long Covid, halikutoka maabara. Lilianza kutumiwa mtandaoni Mei 2020 na Elisa Perego, mwanaakiolojia wa Italia ambaye mwenyewe alikuwa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo yake rasmi ya ugonjwa huo Oktoba 2021. Wagonjwa walitangulia kwa zaidi ya mwaka mzima.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sisi tukitaka kuwajua kunguni humwita seremala.

Simdharau seremala. Bila profesa hakuna utafiti, na mji huu unalijua hilo kuliko miji mingi. Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi ilianza zaidi ya miaka mia moja iliyopita kama hospitali ndogo. Leo, pamoja na Chuo Kikuu cha Moi na washirika kama Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ni miongoni mwa vituo vikubwa vya utafiti wa tiba katika ukanda huu. Mpango wa AMPATH ulioanzishwa na washirika hao mwaka 2001 kupambana na ukimwi umekwenda mbali kuliko walioucheka walivyotarajia.

Na ni mpango huohuo unaonipa ushahidi. Mosoriot, kwenye barabara ya kwenda Kapsabet, watafiti waliuliza swali ambalo wakati ule lilisikika kama mzaha: je, watu wanaoishi na virusi vya ukimwi wanaweza kuwahudumia wenzao majumbani, badala ya kila mgonjwa kupanga foleni kliniki kila mwezi? Waliwafunza wagonjwa, wakawapa kompyuta ndogo za mkononi zenye maswali ya kuuliza, wakawatuma vijijini Kosirai. Wagonjwa waliotembelewa hivyo walipangiwa kwenda kliniki mara moja tu kila miezi mitatu, huku kundi jingine likiendelea na kliniki kama kawaida. Utafiti ulihusisha watu 208, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010. Baada ya mwaka mmoja, afya ya makundi yote mawili haikuonyesha tofauti ya maana. Tofauti ilikuwa kwenye safari: waliotembelewa nyumbani walikwenda kliniki takriban nusu ya mara walizokwenda wenzao.

Tafakari nauli iliyookolewa na vibarua visivyopotea. Matokeo hayo yalipatikana kwa kumwamini mgonjwa kama mtu anayejua jambo, badala ya kumhesabu tu kama namba ya faili.

Sasa vuka mpaka. Kaskazini mwa Uganda, watafiti waliwapima moyo zaidi ya watoto 100,000 wakiwatafuta wenye dalili za awali za ugonjwa alio nao mpwa wangu. Watoto na vijana 818 waligawanywa makundi mawili. Kundi moja likadungwa penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. Katika waliodungwa, ugonjwa ulizidi kwa watoto 3. Katika wasiodungwa, 33. Matokeo hayo yana uzito mkubwa kwetu, kwani maana yake ni kwamba sindano inaweza kuuzuia ugonjwa kabla vali haijaharibika.

Lakini sindano huzuia pale tu inapodungwa. Swali linalofuata halijibiwi na darubini: ni nini kitamfanya mtoto asiye na maumivu yoyote akubali kuchomwa kila mwezi, mwaka baada ya mwaka? Hapo mtaalamu ni yule anayechechemea. Mtaalamu ni mama aliyegundua kwamba mwanawe hakatai sindano, anakataa kuvua suruali mbele ya wanafunzi wa udaktari.

Kuna wanaosema wagonjwa hawajui takwimu na huongozwa na uchungu wao. Ni kweli hawajui takwimu, wala hakuna anayewataka wapige hesabu. Wanatakiwa waseme kipi kipimwe. Profesa akiachwa peke yake atapima hewa inayotoka mapafuni. Aliyeugua kifua kikuu atakuuliza kama siku moja atapanda tena kilima cha shambani kwake bila kupumzika mara tano. Vipimo vyote viwili ni sayansi, ila kimoja ndicho kinachomjibu mlipakodi.

Woga wangu ni mwingine. Nimewaona "wawakilishi wa jamii" walewale wawili wakizungushwa kutoka warsha hadi warsha, wakila chakula cha mchana, wakitia saini orodha ya posho na kupiga makofi. Hayo ni mapambo. Mshauri ambaye ushauri wake hauwezi kubadilisha chochote ni mgeni tu.

Kwa hiyo kiti chenyewe kiwe na miguu. Mgonjwa aitwe kabla mpango wa utafiti haujaandikwa na kabla fedha hazijaombwa, si siku ya kuzindua. Alipwe muda wake kama anavyolipwa mtaalamu mwingine, maana anayeacha kibanda chake mtaani Langas amekosa mauzo ya siku. Mazungumzo yawe kwa Kiswahili, au Kinandi pale panapohitajika, maana Kiingereza cha maabara humnyamazisha hata msomi. Wawakilishi wabadilishwe kila baada ya muda, wachaguliwe na wagonjwa wenzao. Utafiti ukiisha, majibu yarudishwe barazani kabla hayajasomwa ukumbini ng'ambo.

Kamati za maadili zinazopitisha tafiti zina uwezo wa kulifanya hili kuwa sharti. Zinadai fomu ya ridhaa. Zidai pia kujua ni mgonjwa gani aliushauri utafiti huu, na ni kipi kilichobadilika baada ya yeye kusema. Asiyekuwa na jibu la swali hilo la pili arudishiwe karatasi zake.

Nawe msomaji, siku ukiombwa kutoa damu yako au muda wa mwanao kwa ajili ya utafiti, usikatae, maana bila utafiti tusingekuwa na hata hiyo penisilini. Ila kabla ya kutia saini, uliza ni mgonjwa gani aliyekaa mezani utafiti huo ulipokuwa ukipangwa.