"WEKA ILIYOPO": NENO LINALOUA KOMPRESA ZETU

Gesi ni yetu. Ilipatikana Songo Songo mwaka 1974, ikapatikana tena Mnazi Bay mwaka 1982, ikalala chini ya ardhi miaka mingi huku tukiambiwa ngojeni, kisha ikafika Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004. Mwaka 2015 likafunguliwa bomba la pili kutoka Mtwara, kilomita zaidi ya 540. Bomba hilo si chuma tupu. Mwaka 2013 watu walikufa huko Mtwara katika ghasia zilizotokana na habari ya kuijenga njia hiyo. Basi mtu anapotuambia usiku wa manane, "Gesi hakuna, kompresa mbovu," hatuwezi kulipokea neno hilo kama mtu anavyopokea habari ya mvua. Mvua huletwa na Mungu. Kompresa huharibiwa na watu.

Twaandika haya kutoka Jangwani, ambako kila kijana wa tatu ama anaendesha bajaji, ama anaitengeneza, ama anadaiwa kwa ajili yake. Wengi wamekwisha acha petroli wakafunga mtungi wa gesi, kwa sababu gesi ni rahisi na hesabu ya tajiri haipungui. Waliambiwa wafanye hivyo na wakubwa wenyewe, katika redio na katika mikutano. Wakafanya. Wakakopa, wakafunga mitungi, wakaenda kupanga foleni. Na sasa wako kwenye foleni.

Wiki chache zilizopita tulikwenda usiku katika kituo kimoja cha kujaza gesi. Jina lake hatutalitaja, maana tukilitaja hicho kimoja vingine vitashangilia, na ugonjwa ni wa wengi. Ilikuwa saa saba usiku. Bajaji zilikuwa zimepangwa hadi barabarani, wenyewe wamelala ndani yake, miguu nje. Kijana mmoja wa Kariakoo alituambia, "Wazee wangu, nimefika hapa baada ya sala ya Isha. Tajiri anataka hesabu yake asubuhi. Hataki hadithi za mashini."

Tukamtafuta fundi. Alikuwa amekaa juu ya pipa tupu, mikono meusi hata kwenye viwiko. Tukamwuliza imekuwaje. Akasema, "Ringi zimekwisha, na vali mbili zimevunjika. Oili iliyokuwa ikiingia silindani si yake. Oili yake iliisha, nikaandika barua ofisini, nikajibiwa: weka iliyopo."

Weka iliyopo! Ndugu wasomaji, tumelisikia neno hili mara nyingi katika nchi hii. Lilitumika kwa matrekta, likatumika kwa mashini za kusaga, kwa pampu za maji vijijini. Sasa limefika kwenye kompresa, na huko litatugharimu zaidi. Mtusikilize tueleze, maana ziko ofisi ambazo huandika "weka iliyopo" bila kujua kinachowekwa kinakwenda wapi.

Kompresa ya gesi ya magari huivuta gesi kutoka katika bomba na kuishindilia hatua kwa hatua, mara tatu au nne, hata ifikie bar 200 na kuzidi. Msomaji asiyeijua bar na amwulize fundi wa pancha: gurudumu la gari dogo ni bar 2 hivi. Kila inaposhindiliwa gesi hupata moto, kama pampu ya baiskeli inavyochoma kiganja, ndiyo sababu hupozwa kila baada ya hatua moja. Inapopozwa hutoa majimaji, na majimaji hayo lazima yamwagwe, maana maji hayashindiliki. Yakiingia silindani pistoni huyagonga kama imegonga ukuta, na fimbo yake ikapinda.

Ndani ya mashini hiyo mna kazi mbili za oili. Ya kwanza ni ile inayokaa chini, katika kisanduku cha krenki, ikisukumwa na pampu kwenda kwenye beringi na kurudi. Ya pili hupelekwa tone kwa tone hadi ndani ya silinda na kwenye pakingi ya fimbo ya pistoni, nayo hairudi, huenda zake na gesi. (Ziko kompresa ambazo silinda zake hazitiwi oili kabisa, lakini hizo nazo huwa na krenki na beringi, na hazikuumbwa kwa mate.) Tone likipungua, ringi na silinda husagana. Tone likizidi, oili huungua ikawa masizi juu ya vali, na ile isiyoungua husafiri na gesi mpaka ndani ya mtungi wa bajaji, ikaenda kuziba nozeli za injini ya maskini. Kwa hiyo mwenye kuhesabu matone hafanyi kazi ya mtoto.

Jambo jingine. Gesi ina tabia ya kuingia ndani ya oili na kuifanya nyepesi kama uji wa mgonjwa. Kadiri presha inavyozidi ndivyo inavyoingia zaidi. Ndiyo maana aliyeiunda kompresa huandika kitabuni oili ya namna gani, uzito gani, na ibadilishwe baada ya saa ngapi za kazi. Oili ya injini ya gari imetiwa dawa za kusafisha injini, na dawa hizo zikiungua juu ya vali za kompresa huacha majivu. Tena ziko oili za kutengenezwa kiwandani ambazo ukizichanganya na oili ya kawaida huganda zikawa kama tope, njia zikaziba, beringi zikakauka. Huyo ndiye "iliyopo". Ofisi iliokoa bei ya pipa moja la oili, ikanunua ringi, vali, na usiku mzima wa njaa kwa vijana mia.

Na wasituambie watu wetu hawawezi kutunza mashini. Njooni Jangwani mapema, kabla jua halijachoma. Yupo mzee mmoja wa kujaza upepo, kompresa yake kuukuu, imeungwa mahali pawili. Kila asubuhi, kabla ya kuipiga, hufungua koki ya chini ya tangi akamwaga maji yaliyotuama usiku, maana hewa ya Dar es Salaam ina maji kama sponji. Kisha hupangusa kioo cha oili kwa pindo la shati, akainama, akatazama. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa hujua maji yameingia, haiwashi. Husafisha chujio la hewa, maana vumbi letu hapa linajulikana. Kazi yote hiyo haimalizi muda wa kikombe kimoja cha kahawa. Hana cheo, hana gari la ofisi, wala hajapelekwa semina. Lakini mashini ikifa watoto wake hawali, na hilo limemfundisha.

Maji yanatujua sisi wa bonde la Msimbazi. Mwaka 2018 mafuriko yaliingia katika kituo cha mabasi ya mwendokasi hapa hapa Jangwani, na kila mtu akaona mashini za thamani zikisimama ndani ya tope. Twawauliza wanaoleta kompresa na magari ya gesi katika jiji hili: mmepima maji yanafika wapi? Au mtapima yakisha kuingia ndani ya krenki?

Sasa tuje kwa mabwana wa "mtaalamu". Kompresa ikisimama, twaambiwa mtaalamu yuko ng'ambo, anangoja tikiti ya ndege. Anakuja, anafungua vali, anabadilisha sahani na springi, anafunga, anaondoka na malipo ya fedha za kigeni. Fundi wetu alimshikia taa. Mwezi wa sita vali inavunjika tena, taa inashikwa tena. Mafundi wa kompresa za pistoni dunia nzima wanajua kwamba vali ndiyo inayoongoza kwa kuzisimamisha mashini hizi, basi inakuwaje kazi inayotokea mara nyingi kuliko zote ndiyo ambayo hatukufundishwa? Kitabu cha mashini kimefungiwa kabatini kwa meneja, kwa lugha ambayo mtia oili wa zamu ya usiku haisomi. Huko ni kununua ng'ombe na kumwachia muuzaji kamba.

Na chuo kipo! Si mbali na hapa, Barabara ya Morogoro, kipo chuo cha ufundi kilichoanzishwa mwaka 1957, ambacho leo ni DIT, na vijana wake wanafunga mitungi ya gesi katika magari kwa mikono yao wenyewe. Anayeweza kufunga mtungi wa bar 200 chini ya kiti cha abiria hawezi kufundishwa kufungua vali ya kompresa? La hasha. Hakuulizwa.

Lakini haki ni haki, na sisi wafanyakazi tusijifiche nyuma ya meneja. Usiku ule tuliomba kuliona daftari la zamu. Tulionyeshwa. Presha ya oili: sawa, sawa, sawa. Joto la kila hatua: sawa. Majimaji yamemwagwa: ndiyo. Mwandiko mmoja, kalamu moja, siku kumi na nne, pamoja na siku ambazo kompresa ilikuwa imesimama! Mashini iliyosimama ilikuwa na presha ya oili "sawa". Ndugu yetu uliyeandika hayo, wewe si mnyonge hapo. Umewaibia wenzako waliolala ndani ya bajaji, na siku moja utawaibia roho zao. Maana swichi ile inayoizima kompresa presha ya oili ikishuka, tumesikia wako wanaoifunga kwa waya ili isiwasumbue. Gesi ya bar 200, pakingi imekwisha, chuma kinasuguana na chuma, na mlinzi amefungwa waya mdomoni!

Wala si kila penye kompresa oili ni dawa. Wenye kushindilia oksijeni ya hospitali na wasome mara mbili: oksijeni ya presha ikikutana na oili ya kawaida au grisi, huwaka moto, hata kulipuka. Kule, "weka iliyopo" huweza kumwua mtu siku ile ile.

Wapo watakaosema gazeti liandike siasa, liwaachie mafundi mambo ya spana. Na sisi twauliza, siasa ni nini? Mwaka 2022 zilifungwa kompresa katika mitambo ya Songo Songo kwenyewe, kwa sababu visima vinapozeeka presha yake hushuka, na bila kushindiliwa gesi haitoshi kulijaza bomba. Maana yake umeme wa viwanda vyetu na jiko la mama wa Magomeni vimekaa juu ya ringi na vali na tone la oili. Nchi inayomiliki gesi lakini haimiliki daftari la oili, imepewa hati ya shamba na mwingine kashika jembe.

Twataka mambo machache, na twayataka kwa maandishi. Mkataba wowote wa kununua kompresa uwe na oili yake, ringi zake na vali zake za miaka ya mwanzo, kabla utepe haujakatwa. Kitabu chake kitafsiriwe kwa Kiswahili na kibandikwe ukutani penye mashini, kisikae kabatini. Sampuli ya oili ipelekwe maabara kwa ratiba, ipimwe uzito, maji na unga wa chuma, maana oili husema mapema kabla beringi haijalia. Fundi wa zamu awe na ruhusa ya kuizima kompresa bila kumwamsha mtu. Na barua yake ya kuomba oili ijibiwe siku hiyo hiyo na mtu mwenye jina na sahihi, ili tujue nani aliyeandika yale maneno mawili.

Meneja yeyote mwenye daftari la oili lisilomtia aibu na alilete hapa Jangwani. Tutalichapa katika ukurasa huu huu, bila kupunguza herufi.