Barua kwa Ndugu Zangu wa Uvira

Paje, Unguja

Kwa wazee, kina mama na vijana wa Uvira, kuanzia Kavimvira hadi Kalundu.

Napenda kuwaarifu juu ya kazi yangu, kwa kuwa wengi wenu mmeniuliza yawezekanaje mtu aajiriwe Ulaya, akae Unguja akitazama bahari, na mwisho wa mwezi apokee ujira wake kamili. Jambo hili si ajabu tena. Tangu maradhi ya korona yalipowafungia watu majumbani mwaka 2020, waajiri wengi walitambua kuwa hesabu, tafsiri na programu za kompyuta zaweza kutengenezwa popote. Mwaka ule ule kisiwa cha Barbados kikatoa ruhusa ya miezi kumi na miwili kwa wageni wafanyao kazi za mbali, na Zanzibar nayo, mwaka 2022, ikaanzisha mpango wa Silicon Zanzibar ili kuzivuta kampuni za teknolojia.

Hapa Paje wageni hao hukodi meza kwa siku au kwa mwezi katika nyumba za kazi ya pamoja, na ukiwauliza wamefuata nini, aghalabu watakujibu kuwa wamefuata utulivu. Lakini utulivu huo haukuletwa na minazi. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kizima kilikosa umeme, kwa sababu ya hitilafu katika waya upitao chini ya bahari kutoka bara, na uzuri wa pwani haukumfaa kitu mwenye kazi. Hata mwaka 2013 ulipozinduliwa waya mpya wa megawati 100 kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba, ndipo umeme ulipotengemaa, na ni huko huko Fumba ambako leo watu wa teknolojia wanajengewa mji. Tena utulivu wa mgeni una gharama kwa mwenyeji: kina mama waliolima mwani katika maji haya tangu 1989 sasa wanagawana pwani na watu wanaovutwa na tiara juu ya mawimbi.

Nayasema haya kwa sababu nimesikia baadhi ya ndugu zetu wa ughaibuni wakitamani kujenga vibanda vya wageni ukingoni mwa Tanganyika. Uzuri hatukupungukiwa: ziwa letu lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na milima ya Mitumba imetusimamia mgongoni. Lakini ninyi mnajua kuwa Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika ukaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba, kwamba ziwa lenyewe limepanda likaingia katika viwanja vya watu, kwamba tarehe 31 Desemba 2018 serikali ilikata intaneti nchi nzima kwa karibu majuma matatu, na kwamba vita vilivyoiangusha Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025 viliwasukuma maelfu ya watu wetu hadi Burundi. Mgeni atakayefuata utulivu hatakuja kwetu leo, wala hatuna haki ya kumlaumu.

Ndiyo maana rai yangu ni kinyume cha yao: tusimngoje mfanyakazi wa mbali kutoka Ulaya, bali tumfanye kijana wetu awe ndiye mfanyakazi wa mbali. Wako waliohitimu vyuo vya ISP na ISDR, wanaojua Kifaransa, Kiswahili na Kifuliiru, nao wamekaa bure, ilhali kwa tafsiri na hesabu ninalipwa mimi kila mwezi. Kinachohitajika ni nyumba moja mahali palipoinuka, mbali na Mulongwe, yenye paneli za jua, betri, na chombo cha intaneti ya setilaiti, ambayo Starlink ilipewa leseni ya kuitoa nchini Mei 2025. Kodi ndogo ya meza ilipie intaneti, na ufuko wabaki nao wanaoanika ndagala.

Sisi tulio nje tuchange paneli na betri, kwa sharti moja, kwamba nyumba iwe mali ya kamati na daftari lake la hesabu liwe wazi kwa kila atakaye kulisoma. Ninyi chagueni kiwanja, mniandikie majina ya wanakamati, wakiwamo kina mama wasiopungua nusu.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa Kalundu