ALIYEONDOKA ILI ABAKI HAI SI MSALITI

*Msimamo wa Kamati ya Utendaji ya Tawi kwa wanachama wote*



Kwenye kikao chetu cha Jumapili lilitokea jambo ambalo hatutaki liishie kwenye minong'ono ya kijiweni. Mama mmoja alisimama akaomba tumchangie dada mmoja mtetezi wa haki za wanawake, ambaye ametishwa mara mbili na sasa halali nyumbani kwake. Jina lake halikutajwa, na hapa hatulitaji. Kabla mama hajamaliza, sauti kutoka nyuma ikasema: "Wakitishwa kidogo wanakimbilia Ulaya kula bata, sisi tunabaki na mabomu." Baadhi yetu tukacheka. Mama akakaa.

Kamati imekutana na kutafakari. Msimamo wetu ni kwamba kauli ile ilikuwa na makosa, na kicheko kile kilikuwa na makosa zaidi.

Tukumbushane ya mwaka 2025 peke yake. Januari 12, Mtanzania mwenzetu Maria Sarungi Tsehai, anayeishi uhamishoni Kenya, alitekwa na watu wenye silaha jijini Nairobi, akaachiwa baada ya saa kadhaa. Mei 18, Martha Karua, aliyewahi kuwa Waziri wa Sheria wa Kenya, alizuiwa uwanja wa ndege Dar es Salaam na kurudishwa kwao. Alikuwa amekuja kufuatilia kesi ya uhaini ya Tundu Lissu. Siku iliyofuata wakakamatwa Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire, mwanasheria na mwandishi wa habari wa Uganda. Mei 23 Agather alikutwa ametelekezwa mpakani Mutukula. Juni 2, wakiwa Nairobi, wote wawili walieleza mbele ya waandishi wa habari kwamba waliteswa na kudhalilishwa kingono. Polisi Dar es Salaam wameyapinga madai hayo. Sisi si mahakama, na ndiyo maana tunadai uchunguzi huru. Lakini mwanamke anayesimama hadharani kueleza alichotendewa mwilini mwake anastahili kusikilizwa. Hastahili kuchekwa.

Mwanaume akitishwa, mara nyingi huambiwa atafungwa au atapigwa. Mwanamke huambiwa hayo, kisha huambiwa atabakwa, picha zake zitasambazwa, na watoto wake wanajulikana wanasoma wapi. Halafu majirani humwuliza mume wake kwa nini ameshindwa kumtuliza. Huo ndio mzigo anaoubeba hata kabla hajafikiria kuondoka.

Na akiondoka anaacha nini? Sisi wa mlimani tunajua. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa ya ardhi, lakini kihamba bado tunakiona cha baba na watoto wa kiume. Mjane au mwanamke aliyeachika akikosekana miezi sita, anaweza kurudi akakuta sale zimeng'olewa na mpaka umesogezwa hadi kwenye migomba yake. Anayedhani mwanamke wa hivyo anaondoka kwenda kula bata, hajawahi kumwona mama akiaga kihamba chake.

Wapo wanaosema kukimbia si utamaduni wetu. Mji huu wa Moshi una historia nyingine. Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana hapa hapa, wakaunda UNLF na kumchagua Yusuf Lule awaongoze. Mwezi uliofuata Idi Amin aliondolewa Kampala. Watu wale walikuwa wamekimbia ili wabaki hai, na tuliwaita wapigania uhuru. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa tuzo ya Nansen kwa jinsi nchi hii ilivyowapokea wakimbizi. Mwaka 2025, miaka 46 baada ya mkutano ule, mwanamke wa Uganda anatelekezwa Mutukula, na sisi wenyeji wa mji ule tunacheka kikaoni. Ni aibu yetu.

Hoja nyingine tunaiheshimu zaidi: wote wakiondoka, nani atabaki? Ni swali la haki. Jibu lake ni kwamba wengi huondoka ili waweze kurudi. Lissu alipigwa risasi Dodoma Septemba 2017, akatibiwa Nairobi na Ubelgiji, akarudi 2020 kugombea urais. Baada ya uchaguzi akaondoka tena kwa kuhofia maisha yake, akarudi Januari 2023. Godbless Lema alivuka kwenda Kenya na familia yake Novemba 2020, akapokelewa Canada, akarudi 2023. Hatukumsikia mtu akiwaita wasaliti; tulikwenda kuwapokea. Kama mwanaume akiondoka ni mkakati na mwanamke akiondoka ni woga, basi shida iko kwetu.

Sasa tuseme kuhusu msaada wenyewe, kwa sababu nia njema bila akili inaweza kumuumiza mtu. Holili iko karibu, na wengi tunadhani kumsaidia dada ni kumpa nauli afike Taveta. Kuvuka mpaka peke yake si usalama. Maria alitekwa akiwa Nairobi. Kizza Besigye alichukuliwa Nairobi Novemba 2024, siku chache baadaye akaonekana mahakama ya kijeshi Kampala. Lema naye alipovuka alikamatwa na polisi wa Kenya. Kilichomsaidia ni kwamba hakuwa peke yake: wanasheria na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, walijua yuko wapi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuzungumza na wanaoifahamu kazi hii. Hapa nchini kuna Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu Tanzania, THRDC. Kampala kuna DefendDefenders, wanaohudumia ukanda wetu wote. Watu hawa huhakiki tishio, hutafuta mwanasheria, na mara nyingi humhamisha mtu kwa muda tu, kisha humsaidia kurudi. Kuomba hifadhi nje ni hatua ya mwisho. Na hifadhi si dhambi wala uhaini: Mkataba wa OAU wa mwaka 1969 kuhusu wakimbizi, ambao Tanzania imeuridhia, unasema kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la kibinadamu, si uadui dhidi ya nchi yoyote.

*Kamati imeazimia yafuatayo:*

*1. Siri.* Jina la anayetishwa, njia yake na siku ya safari havitaandikwa kwenye kundi lolote. Hakuna kupiga picha ujumbe wala kurusha sauti. Anayetaka kujua zaidi afike kwa Katibu, ana kwa ana.

*2. Nyaraka.* Tawi litamlipia pasipoti, Sh150,000, mwanamke mtetezi aliye hatarini na asiye na uwezo. Tutamsaidia kukusanya kitambulisho cha NIDA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, ujumbe wa vitisho, namba ya RB kama aliripoti polisi, na PF3 kama aliumizwa. Bila ushahidi, hata mwenye haki hasikilizwi.

*3. Njia halali.* Hatutamshauri mtu apite njia za panya. Huko kuna matapeli na wabakaji, na anayekamatwa huko huonekana mhalifu.

*4. Familia.* Watoto watakaobaki watakuwa na familia tatu za tawi za kuwaangalia kwa zamu. Wazee wawili watapita kwenye mipaka ya kihamba pamoja na mwenyewe kabla hajaondoka, na maelezo yaandikwe mbele ya mashahidi.

*5. Mfuko.* Kila anayeweza achangie Sh2,000 kwa mwezi. Mweka Hazina atasoma kwenye kikao kilichoingia na kilichotoka. Hatasoma jina la aliyepewa.

*6. Kurudi.* Siku atakayorudi atapokelewa kama mwanachama aliyekuwa kazini. Aliyemkejeli akiwa hayupo ajiandae kushika jani la sale.

Hatuna uwezo wa kumwokoa kila mtu, na hatutajidai kuwa nao. Lakini tawi la watu mia moja haliwezi kushindwa kumlinda dada mmoja, kutunza watoto wake, na kufunga midomo yetu.

Jumapili ijayo ajenda ya kwanza baada ya kufungua kikao itakuwa ya yule mama. Atapewa nafasi amalizie hoja yake tuliyoikatiza, na tunawaomba wote mfike kwa wakati.

Kamati ya Utendaji ya Tawi
Moshi, Juni 2025