Mafua, Mtihani wa Kuimba na Fadhila ya Kunyamaza



Jumanne jioni baada ya Misa, binti mmoja wa kwaya yetu, mwimbaji wa sauti ya kwanza, alinifuata sakristia akiwa na leso puani. Jumamosi alikuwa na mtihani wa kuimba, aliouandaa kwa miezi minane na kuulipia kwa akiba ya mama yake. Aliomba nimbariki koo kwa mishumaa ya Mtakatifu Blasi, ijapokuwa tarehe 3 Februari ilikwisha kupita. Nilimbariki. Kisha nikamwuliza anakwenda wapi.

“Mazoezini, Baba.”

Nikamwambia arudi nyumbani.

Najua baadhi ya walimu wa kwaya hawatanielewa. Tumezoea kudhani kwamba mwimbaji mwenye bidii hashindwi na mafua. Akikohoa hupewa tangawizi. Akikaukiwa na sauti huambiwa asali zaidi na aongeze nguvu. Mimi naona huko ni kumjaribu Mungu.

Nayasema haya nikiwa mkosaji. Nikiwa shemasi seminarini, siku ya kupimwa kuimba Utangulizi nilikuwa na mafua makali. Sikumwambia mtu, kwa kiburi. Nilimeza aspirini, nikamumunya vidonge vya mentholi hadi koo likafa ganzi, nikaimba. Mtihani nilifaulu kwa shida. Ila sauti ilikatika kwa zaidi ya wiki mbili, na Mkesha wa Pasaka ulipofika, Mbiu ya Pasaka iliimbwa na mwenzangu, nami nikashika mshumaa tu.

Baadaye daktari alinieleza nilichokifanya. Ndani ya zoloto zimo nyuzi mbili za sauti. Mwimbaji anapotoa noti A, ile ambayo kwayo ala hulinganishwa, nyuzi hizo hugongana mara 440 kwa sekunde. Mafua yakishuka kooni, nazo huvimba. Kuzilazimisha katika hali hiyo kwaweza kupasua mishipa yake midogo ya damu. Aspirini huzuia damu kuganda upesi, hivyo huongeza hatari hiyo (aliyeandikiwa na daktari kwa ugonjwa mwingine asiiache kwa sababu yangu). Vidonge vya kutia ganzi navyo huficha maumivu, na maumivu ni mlinzi wa mlangoni.

Nilimwuliza binti yetu kama ubaya uko puani tu. Pua ikiziba lakini sauti ya kuongea ikawa safi, mtu aweza kuimba kwa kiasi. Sauti ya kuongea ikiwa na mikwaruzo, asiimbe. Yake ilikuwa na mikwaruzo.

Basi anyamaze, wala asinong'one, maana kunong'ona nako kwaweza kuzikaza nyuzi. Anywe maji, avute mvuke kwa uangalifu asijiunguze, alale. Asikimbilie antibiotiki, kwa kuwa mafua huletwa na virusi, nazo haziviui virusi. Kwa kawaida mafua hupungua ndani ya siku saba hadi kumi, tupende tusipende.

Je, siku hizo zimepotea? Mapokeo yasema Mtakatifu Sesilia, msimamizi wa wanamuziki, alimwimbia Bwana moyoni huku ala zikilia. Afanye vivyo hivyo: afungue karatasi ya noti, afuate maneno kwa macho, apange pa kuvuta pumzi. Hilo ni zoezi halisi, tena wengi wetu hatulifanyi tukiwa wazima.

Liko pia jambo la jirani. Tarehe 10 Machi 2020, katika kaunti ya Skagit, jimbo la Washington, Marekani, mtu mwenye dalili kama za mafua alihudhuria mazoezi ya kwaya ya saa mbili na nusu. Ilikuwa UVIKO-19. Kati ya watu 61 waliokuwapo waliugua 53, wawili wakafariki dunia. Anayekuja mazoezini akikohoa ili asionekane mvivu huwapimia wenzake hatari wasiyoijua.

Kanisa lenyewe halidai sauti isiyokuwapo. Hati Musicam Sacram ya mwaka 1967 humruhusu padre asiye na sauti ifaayo kusoma kwa sauti wazi sehemu zilizo ngumu kuimba, mradi asifanye hivyo kwa kutafuta urahisi wake tu. Ikiwa altareni kuna nafasi hiyo, kwa nini mwanafunzi aone aibu kuomba tarehe nyingine? Asome masharti ya mtihani mapema, akapate cheti cha daktari, aandike barua kabla ya siku yenyewe.

Binti yetu alitii kwa shingo upande. Ijumaa mikwaruzo ilikuwa bado, na mama yake akapeleka cheti. Jibu wanalingoja. Dominika hii ataketi bengini pamoja na waamini wengine. Mkimpa mkono wa amani, tafadhali msimlazimishe kuitikia.