Mambo ya Mjini: Mita Moja, Wapangaji Kumi na Wawili

Katika Kawangware si ajabu kukuta kiwanja kimoja chenye vyumba kumi na viwili vilivyojengwa safu mbili zitazamanazo, ua katikati, choo kimoja au viwili upande wa nyuma, na karibu na lango mfereji mmoja wa maji wenye mita moja. Mwisho wa mwezi bili huja kwa jina la mtu mmoja tu, naye ni mwenye nyumba. Kampuni ya maji haimjui seremala wa chumba cha tatu, wala haimjui mama muuza mboga wa chumba cha saba. Yule ambaye jina lake limeandikwa ndiye mdaiwa. Deni lisipolipwa mfereji hufungwa, na wote kumi na wawili, aliyelipa na asiyelipa, hushika ndoo zao kwenda kungoja maji ya mkokoteni.

Na tufanye hesabu ndogo. Tuseme bili ya mwezi ni shilingi 7,200. Ikigawanywa sawasawa, kila chumba kitatoa shilingi 600. Wapangaji watatu wakikosa kutoa, zitapungua shilingi 1,800. Mwenye nyumba aweza kuzitoa mfukoni mwake na kuwadai wale watatu; aweza pia kuliacha deni lilale mpaka mafundi waje na koleo zao. Lakini njia ipendwayo na wengi ni ya kuwarudia wale tisa waliolipa na kuwaambia kwamba mwezi huu kila mtu ni shilingi 800. Njia hii ni nyepesi kwa mwenye nyumba, na ndiyo mbaya kupita zote, maana humfundisha mtu mwaminifu kwamba uaminifu una faini yake. Mwezi wa pili wawili katika wale tisa nao watajifanya hawana. Hapo watabaki saba, na kila mmoja atatakiwa zaidi ya shilingi 1,000 kwa maji yale yale. Mwezi wa tatu hapana mtu atakayekuwa wa kwanza kutoa.

Huko kugawanya sawasawa kwenyewe kuna neno. Kijana mseja atokaye alfajiri kwenda kazini Lavington, naye hurudi usiku kulala tu, hutozwa sawa na mama afuaye nguo za watu kwa ujira, ambaye ana watoto watano nyumbani. Kijana hunung'unika, na ana haki ya kunung'unika. Lakini mama naye akiambiwa alipe kwa kila ndoo, kazi yake itakufa. Katika baadhi ya viwanja wapangaji wenyewe wamepatana kuhesabu vichwa badala ya milango, na afuaye kwa biashara huongeza kidogo. Mapatano ya namna hii hayatoki kwa mwenye nyumba akaaye mbali. Hutoka uani, watu wakizungumza.

Habari ya stima ina jambo ambalo wenye nyumba wengi hawalijui, nalo huwapunja wapangaji wao pasipo mtu kukusudia. Katika viwango vilivyoanza tarehe 1 Aprili 2023, mteja wa nyumbani atumiaye uniti zisizozidi 30 kwa mwezi huwekwa daraja la chini kabisa la bei. Apitaye 30 hadi 100 huwekwa daraja la pili, na apitaye 100 daraja la juu. Daraja hili la chini lilikusudiwa mtu mwenye taa mbili na redio. Lakini vyumba kumi na viwili vikitumia mita moja, hata kama kila kimoja kinatumia uniti 20 tu, mita huandika uniti 240, na watu wote hao hutozwa kama tajiri mmoja mwenye nyumba ya ghorofa. Kwa hiyo mita ya kila chumba, iliyosajiliwa na kampuni yenyewe, si anasa. Zile mita ndogo za faragha ambazo mwenye nyumba huzinunua dukani na kuzifunga ndani ya kiwanja huonyesha nani ametumia nini, na hilo ni jema. Lakini haziwashushi wapangaji daraja, maana mbele ya kampuni mita ni ile ile moja.

Mita za kulipia kwanza, zile za tokeni, zimepunguza magomvi mengi, kwani asiye na fedha hukaa gizani peke yake wala hamtii jirani gizani. Hata hivyo deni la zamani laweza kupakiwa katika mita, na mpangaji mgeni akinunua tokeni ya shilingi 200 akastaajabu kuona sehemu yake imekatwa kulipia umeme uliotumiwa na mtu asiyemjua. Yafaa mpangaji anunue tokeni ndogo ya kujaribu, mbele ya mwenye nyumba, kabla hajatoa kodi ya kwanza.

Sasa, mwenye nyumba aliyechoka kudai hufanya nini? Mara nyingi hutia kufuli yake mlangoni wakati mpangaji yuko kazini. Wengine hung'oa mlango, na wako waliopanda darini wakaondoa mabati, watoto wakanyeshewa. Wafanyao hivyo husema kwamba nyumba ni mali yao. Nyumba ni mali yao kweli, lakini sheria haikuwapa ruhusa hiyo. Sheria ya Kudhibiti Kodi, Sura ya 296, ambayo ni ya mwaka wa 1959, inazilinda nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Humkataza mwenye nyumba kumsumbua mpangaji kwa nia ya kumhamisha, na hutaka amri ya baraza lake kabla ya mtu kutolewa. Ipo pia Sheria ya Kukamata Mali kwa Ajili ya Kodi, Sura ya 293, lakini hiyo hutekelezwa na dalali mwenye leseni, si na vijana wawili waliokodishwa kona ya barabara. Tena yahusu malimbikizo ya kodi, wala si kila deni ambalo mwenye nyumba amelikumbuka. Katiba ya mwaka wa 2010 nayo, katika kifungu cha 43, imehesabu maji safi na ya kutosha kuwa haki ya kila mtu. Mpangaji asidhani kwamba maneno hayo yamemfutia bili. Mwenye nyumba naye asidhani kwamba koki ya mfereji ni fimbo.

Kibera ni habari nyingine, ingawa mtu aweza kutoka Kawangware akafika huko kwa miguu. Kawangware ardhi nyingi ni ya watu binafsi, kwa hiyo mwenye nyumba aweza kuonyesha karatasi na kuombea mita kwa jina lake. Kibera ilitengwa rasmi mwaka wa 1918 kuwa ya askari Wanubi na jamaa zao. Baadaye ilihesabiwa kuwa ardhi ya serikali, na ni mwaka wa 2017 tu jamii ya Wanubi ilipopewa hati ya ekari 288. Sehemu kubwa iliyosalia, mwenye nyumba ni mwenye kuta na mabati tu. Udongo ulio chini si wake. Mtu asiye na hati hupata shida kuomba mfereji, na aliyeupata huwauzia wenziwe kwa mtungi wa lita 20. Bei yake siku za neema ni shilingi chache, bali siku za uhaba hupanda mara nyingi. Basi hapo hapana bili ya mwezi ya kugombaniwa: mpangaji hulipa kwa kila mtungi, na kwa lita hulipa zaidi kuliko mwenye bustani ya maua Karen. Stima nayo kwa wengi ilikuja kwa waya wa siri, malipo yakienda kwa mtu asiyetoa risiti, naye akikosana na mwenye nyumba, safu nzima huzimwa.

Ugomvi wa kodi si jambo la kuchezea mahali kama hapo. Mwishoni mwa mwaka wa 2001, baada ya wakubwa wa serikali kutamka hadharani kwamba kodi za Kibera zipunguzwe, wapangaji wengine walikataa kulipa kiasi cha zamani na wenye nyumba walikataa kushusha. Watu zaidi ya kumi waliuawa, na maelfu wakahama makwao. Kilichokuwa kikigombewa ni shilingi mia chache kwa mwezi.

Wako wenye nyumba wa Kawangware ambao hawana magomvi haya, na siri yao si kubwa. Bili halisi hubandikwa ukutani karibu na mfereji, watu waisome wenyewe, si kuambiwa jumla kwa mdomo. Anayetoa fungu lake kwa M-Pesa hulituma mbali na kodi, ili ujumbe wa simu uwe ushahidi. Amana ya maji na stima huandikwa mbali na amana ya chumba, na mpangaji akitaka kuhama, yeye na mwenye nyumba husoma mita pamoja, tarakimu zikaandikwa katika daftari na wote wawili wakatia sahihi, ndipo godoro litoke mlangoni. Mpangaji anayefuata huonyeshwa ukurasa ule ule kabla hajapewa ufunguo.