Pimeni Neno Kabla ya Kumhukumu Msemaji

Neno la mgombea likishatoka kinywani si lake tena. Wapinzani hulikata kichwa na mkia, wakapeleka sokoni kiwiliwili. Nawasihi tusinunue nyama ya namna hiyo, hasa mtu anapoitwa mbaguzi wa rangi. Shutuma hiyo ni nzito, wala haifai kurushwa ovyo.

Kumbukeni Januari 2008, Barack Obama na Hillary Clinton walipowania tiketi ya chama cha Democrat huko Marekani. Bill Clinton, akimpigia mkewe kampeni New Hampshire, alisema jambo fulani la Obama ni ngano tupu. Uvumi ukaenea kwamba ameidharau ndoto ya mtu Mweusi kuingia Ikulu. Kumbe alikuwa akizungumzia msimamo wa Obama kuhusu vita vya Iraq! Mpinge kwa hoja ya vita ukitaka. Kumwita mbaguzi kwa neno hilo ni kumdhulumu.

Hillary naye alisema ndoto ya Martin Luther King ilianza kutimia Rais Lyndon Johnson alipopitisha Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Kwa tarehe hakukosea. Lakini mwandamanaji Mweusi aliyeng'atwa na mbwa wa polisi Birmingham mwaka 1963 alisikia nini? Alisikia kwamba damu yake ilikuwa ikingoja kalamu ya mkubwa. Mimi simwoni Hillary kuwa mbaguzi hapo, ila waliochomwa na kauli yake hawakuwa wazushi.

La tatu ndilo linalonikera hadi leo. Tarehe 26 Januari, siku ya kura za mchujo South Carolina, Bill Clinton aliulizwa kwa nini wanahitajika watu wawili, yeye na mkewe, kumshinda Obama. Akajibu kwamba Jesse Jackson alishinda jimbo hilo mwaka 1984 na 1988. Ni kweli alishinda. Lakini nani alikuwa amemtaja Jackson, mgombea Mweusi wa zamani? Mwaka 2004 mshindi wa hapo alikuwa John Edwards, Mzungu, na siku hiyo alikuwa bado kinyang'anyironi! Mtu anakumbukaje ushindi wa miaka ishirini nyuma, akauruka wa juzi? Hapo sikukata kichwa wala mkia, na bado nasema: alimpima Obama kwa rangi yake. Kwamba Clinton alipendwa na Weusi wengi kwa miaka mingi hakulisafishi neno lile.

Wala tusidhani haya ni ya Wamarekani peke yao. Wiki zilezile Kenya ilikuwa ikiungua kwa ghasia za baada ya uchaguzi, na zaidi ya watu 1,000 walikufa. Katika Bonde la Ufa majirani wa makabila mengine walikuwa wameitwa "madoadoa". Fungua kamusi, utakuta ni alama ndogondogo za rangi nyingine, basi. Maana yake ya mwaka ule waliijua waliofurushwa makwao wakalala ndani ya mahema kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru.