Njia Hujumuishwa, Hazifupishwi

Wako wanaoita kazi ya kuunganisha matangazo ya njia katika mitandao ya kompyuta "ufupisho wa njia". Napinga. Njia haipungui hata shubiri. Kinachopungua ni orodha ya matangazo.

Mpigadebe wa stendi ya Kasulu huita "Kibondo!" basi. Hataji Mabamba wala Kifura, kwani zimo humo. Ndivyo ifanyavyo ruta yenye itifaki ya BGP: badala ya kutangaza 10.0.0.0/24, 10.0.1.0/24, 10.0.2.0/24 na 10.0.3.0/24, hutangaza 10.0.0.0/22 peke yake. Nne zimejumuishwa katika moja.

Neno baya humpotosha mwanafunzi. Aliyefundishwa "ufupisho" atadhani data zitafika upesi zaidi. Aliyefundishwa "ujumuishaji" atajiuliza swali lenye maana: je, vyote nilivyovijumuisha naweza kuvifikia? Asipouliza, atavuta data asizo na pa kuzipeleka, nazo zitapotea. Sawa na mpigadebe anayewapandisha abiria wa Kakonko katika basi linaloishia Kibondo.

Tuandike "ujumuishaji wa njia". Mwenye neno bora alilete, pamoja na hoja yake.